Tangi la Maji Juu ya Msingi wa Zege Usio Sawa

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi la lita 5,000 likijaa huulemea msingi wake kwa tani 5. Tangi la plastiki halikuundwa kuegemea sehemu chache tu za chini yake. Penye bonde plastiki hubonyea, penye kokoto iliyochomoza huchubuka, na ufa waweza kujitokeza baada ya miezi kadhaa, mnunuzi akiwa amekwisha kuusahau msingi.

Hapo ndipo mgogoro wa dhamana huanza. Watengenezaji wengi huweka sharti kwamba msingi uwe imara, tambarare na wenye kuenea chini ya tangi zima. Kwa hiyo twamshauri mnunuzi asome masharti kabla ya kulipa, tena aupige picha msingi kabla tangi halijapandishwa.

Mteremko na mabonde ni kasoro mbili tofauti. Mteremko hupimwa kwa mpira mwangavu wenye maji. Mabonde hubainika kwa kulaza ubao ulionyooka na kuchungulia mwanga chini yake. Fundi akipendekeza kabari za mbao au vipande vya matofali, akataliwe, kwani hivyo ndivyo uzito unavyokusanywa mahali pamoja. Zege la zamani likwaruzwe, lisafishwe, liloweshwe, kisha eneo lote lisawazishwe kwa saruji na mchanga, na limwagiliwe maji kwa siku zisizopungua 7 kabla ya tangi kujazwa. Msingi uliotitia, hata hivyo, hauponi kwa lipu. Uvunjwe ujengwe upya.