KANISA KUU LA MKUNAZINI, UNGUJA
Somo la Mawe ya Ukumbusho

Kabla ya kusoma haya fungueni Yoshua mlango wa 4. Humo mtaona jinsi Waisraeli walivyotwaa mawe 12 katikati ya Yordani, ili watoto watakapouliza habari zake, wazee wawe na neno la kujibu. Leo twajifunza habari za nyumba ya mawe iliyoko Unguja, ambayo nayo humfanya mtoto aulize. Ninayo sababu ya kuichagua, nami nitaieleza mwishoni.

1. Maana ya kanisa kuu

Neno kathedra latoka katika Kiyunani, na maana yake ni kiti. Kanisa kuu si lazima lizidi mengine kwa ukubwa. Laitwa hivyo kwa kuwa ndani yake kimo kiti cha askofu.

Wakristo wa dola ya Rumi walipopata ruhusa ya kuabudu waziwazi, mwaka 313, hawakuiga mahekalu ya miungu. Waliiga basilika, yaani ukumbi mrefu wa hukumu na biashara, wenye safu za nguzo, na mara nyingi mwisho wake wa mviringo. Umbo hilo likaenea Italia, Hispania na kusini mwa Ufaransa. Baadaye mafundi walijifunza kuezeka kwa mawe badala ya mbao, wala haikuwa kazi nyepesi. Kanisa kuu la Florence, huko Italia, lilianzwa mwaka 1296. Uwazi wa katikati ulizidi mita 40, wala hapakuwa na mtu aliyejua namna ya kuufunika. Fundi Filippo Brunelleschi aliianza kazi ya kuba mwaka 1420, ikamalizika mwaka 1436. Wale walioweka msingi walikuwa wamekwisha kufa zamani. Basi walimu, msione haya usharika wenu ukijenga polepole.

2. Mahali penyewe

Katika karne ya 19 njia kubwa ya misafara ilitoka Ujiji, chini ya milima yetu ya Buha, ikapita Uvinza penye chumvi, ikafika Tabora, kisha Bagamoyo. Kutoka pwani majahazi yalivuka mpaka Unguja. Kwa njia hiyo zilipita pembe za ndovu, na pamoja nazo watu waliofungwa minyororo. David Livingstone, aliyekuwa Ujiji mwaka 1871, aliandika mengi juu ya mateso yale. Na huko Unguja, mahali paitwapo Mkunazini, palikuwa na soko ambamo watu walikaguliwa meno na mikono, wakapangiwa bei.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba na Uingereza, na soko likafungwa. Lakini utumwa haukwisha siku ile. Amri ya kuuondoa Unguja ilitoka mwaka 1897, na kwetu Tanganyika sheria yake ilitoka mwaka 1922. Mlango wa soko hufungwa kwa siku moja, bali mazoea ya moyo hukawia.

3. Jinsi lilivyojengwa

Mwaka huohuo wa 1873 Misheni ya Vyuo Vikuu, ya ndugu zetu Waanglikana, ilipata kiwanja pale sokoni, na siku ya Krismasi jiwe la msingi likawekwa. Ramani ilichorwa na C. F. Hayward. Msimamizi wa kazi alikuwa Edward Steere, aliyefanywa askofu mwaka 1874. Ndiye yuleyule aliyetoa kitabu cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870.

Umbo lake ni la basilika, nalo ni refu na mwisho wake ni wa mviringo. Kuta ni za mawe ya matumbawe ya baharini. Madirisha yana matao yaliyochongoka kama ya makanisa ya Ulaya, na mapambo mengine yamefuata desturi ya Waarabu. Lakini ajabu yake ni dari. Steere hakutaka mbao wala mabati. Aliagiza dari la mviringo, la saruji iliyochanganywa na matumbawe yaliyopondwa. Tazameni mtumbwi wa ziwani uliofudikizwa, nanyi mmeona umbo lake. Uzito wa dari la namna hii haushuki chini tu, bali husukuma kuta nje, kama mahindi yasukumavyo kuta za kihenge. Kwa hiyo kuta hazina budi kuwa nene, na mchanganyiko hauna budi kushikana uwe kitu kimoja. Inasimuliwa ya kuwa wengi walingoja lianguke. Halikuanguka. Kanisa lilifunguliwa Krismasi ya mwaka 1879, na hata leo limesimama. Steere alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu.

4. Yasiyofichwa

Mambo matatu yaangaliwe na kila aingiaye.

Kwanza, mbele ya madhabahu umo mviringo wa marumaru nyeupe, uliozungukwa na nyekundu. Unaonyesha mahali pasimuliwapo kuwa ndipo uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Wangaliweza kupasahau, lakini wamepaweka mbele ya macho ya kila apigaye magoti.

Pili, karibu na mlango wa magharibi zimo nguzo fupi zilizosimamishwa kichwa chini. Husemwa kuwa mafundi walizisimamisha hivyo Askofu alipokuwa hayupo, na aliporudi akaziacha. Zimebeba mzigo wake hata leo.

Tatu, umo msalaba wa mti uliotoka Chitambo, katika nchi ya Zambia ya leo, ambako moyo wa Livingstone ulizikwa chini ya mti mwaka 1873. Na nje ya kanisa, mwaka 1998, Clara Sörnäs alifanya sanamu za watumwa watano waliosimama shimoni, wenye minyororo shingoni.

5. Neno kwetu

Sasa naeleza sababu yangu. Wakristo wawili wa usharika wetu waligombana kwa ajili ya mpaka wa shamba, na mmoja akamwambia mwenzake mbele ya watu, "Wewe ni uzao wa mtumwa." Tulipokutana, wazee walisema, tulifunike neno hili, lisije likaaibisha usharika. Mimi mchungaji nilikubali. Tukasali, tukaondoka. Yule aliyetukanwa hakuonekana Mezani pa Bwana kwa miezi mitatu, nilipomwendea akaniuliza, "Mchungaji, mlilifunika kwa ajili yangu au kwa ajili yenu?" Sikuwa na jibu. Nilimwomba radhi, kisha tukaliita shauri tena, tukalisema waziwazi, na aliyetukana akatubu mbele ya watu walewale.

Ndugu zangu, aibu ya soko si ya aliyeuzwa. Ni ya aliyeuza, na ya aliyenunua, na ya aliyeona akanyamaza. Wajenzi wa Mkunazini wangaliweza kutafuta kiwanja kingine, kisicho na sifa mbaya. Walijenga palepale, na mahali pa mjeledi pakawa karibu na Meza ya Bwana. Nyumba ya Mungu haihitaji ardhi isiyo na dhambi. Yahitaji watu wasioificha.

Maswali ya kujifunza

1. Kwa nini kanisa huitwa kanisa kuu?
2. Dari la mviringo husukuma kuta wapi, na kwa nini kuta huwa nene?
3. Soko la Mkunazini lilifungwa mwaka gani? Je, utumwa ulikwisha mwaka huo?
4. Linganisheni mviringo wa marumaru na mawe ya Yoshua 4.
5. Katika usharika wenu, ni neno gani lililofunikwa ambalo lingefaa kusemwa? Someni 1 Petro 2:4-10 kabla ya kujibu.