SOMO LA KIINGEREZA: MAKOSA YA WATAMIL KATIKA KULINGANISHA

Mwanafunzi wa Kitamil akiulizwa kwa Kiingereza ni nani aliye mrefu kati ya Raman na Kannan, aghalabu hujibu, "Raman is tall than Kannan." Mwalimu hulikata neno "tall" kwa wino mwekundu na kuandika "taller" juu yake. Kesho yake mwanafunzi yule yule huandika "more taller." Wino mwekundu ulimwonyesha kosa, lakini haukumweleza limetoka wapi. Katika somo hili yataelezwa makosa ya namna hiyo na asili yake. Nayo yatamfaa msomaji wa Kiswahili, kwa kuwa mengi ya makosa hayo ni yake pia.

Watamil wengi hukaa kusini mwa India, katika jimbo la Tamil Nadu, ambalo hadi mwaka 1969 liliitwa Madras. Wengine wako Sri Lanka, Malaysia na Singapore. Kwao Kiingereza si lugha ya anasa. Mwaka 1965 palitokea ghasia kubwa katika jimbo lile, watu wakipinga Kihindi kufanywa lugha ya pekee ya serikali kuu ya India. Na mwaka 1968 serikali ya jimbo iliamua kwamba shule zake zifundishe lugha mbili, Kitamil na Kiingereza. Kwa hiyo mtoto wa mkulima wa mpunga kule Thanjavur hukutana na Kiingereza katika mitihani, na baadaye katika barua za kuomba kazi, kama akutanavyo nacho mtoto wa karani wa Chennai. Sentensi moja mbovu katika barua ya namna hiyo yaweza kumponza mtu mwenye akili timamu na elimu ya kutosha.

Katika Kitamil neno la sifa halibadiliki hata kidogo wakati wa kulinganisha. Kazi yote hufanywa na neno dogo "vida," ambalo hufuata jina la yule aliyepitwa. Husemwa, "Raman Kannanai vida uyaramaanavan." Jina la Kannan limeongezewa mwisho wa "ai," unaoonyesha kwamba yeye ndiye anayetendwa, "vida" asili yake ni kitendo cha kuacha, na "uyaramaanavan" maana yake ni mtu mrefu, basi. Ni kama kusema, "Raman, kwa kumwacha Kannan, ni mtu mrefu." Msomaji wa Kiswahili hatashangaa, maana naye husema, "Raman ni mrefu kumpita Kannan," na neno "mrefu" hubaki vile vile. Lugha hizi mbili hazina udugu wowote, lakini zimeshika njia moja: Mtamil humwacha mwenzake nyuma, Mswahili humpita.

Kiingereza hutia alama mahali pawili. Neno lenyewe la sifa hubadilika, "tall" likawa "taller," na tena neno "than" hutangulia jina la aliyepitwa. Mtamil aliyekwisha kuifasiri "vida" kwa "than" hudhani kazi imekwisha, kwa sababu katika lugha yake imekwisha kweli. Hapo ndipo linapozaliwa kosa la "tall than." Akikemewa, hukumbuka kwamba alifundishwa "more" kuwa ni "zaidi," naye huliongeza. Akikemewa mara ya pili, huongeza na "er" pia, ili asikose kokote. Basi "more taller" ni kosa la mwanafunzi mwenye bidii, na mwalimu asimchukulie kuwa mzembe. Hata Shakespeare mwenyewe aliandika maneno yenye alama mbili za namna hiyo, wala halikuwa kosa zama zake. Ni wataalamu wa sarufi wa karne ya 18 waliolipiga marufuku. Lakini mtahini wa leo hufuata sheria yao, naye mwanafunzi hana budi kuifuata.

Sheria yenyewe ni nyepesi. Maneno mafupi ya silabi moja huchukua "er" na "est": "tall, taller, tallest." Maneno ya silabi mbili yanayokwisha kwa "y" hufanya vivyo hivyo, ila "y" hugeuka "i": "happy, happier, happiest." Maneno marefu hutanguliwa na "more" na "most": "more beautiful, most beautiful." Machache hayana utaratibu, kama "good, better, best" na "bad, worse, worst," nayo hayana dawa ila kukaririwa.

Hatari iliyo kubwa kuliko hizo imo katika mpango wa maneno. Mtamil aweza kusema, "Raman Kannanai vida," lakini mara nyingi humtanguliza aliyepitwa: "Kannanai vida Raman uyaramaanavan." Akifasiri kwa kufuata mpango huo, neno baada ya neno, ataandika, "Kannan is taller than Raman." Sentensi hiyo haina kasoro ya sarufi, na mwalimu asiyejua habari za Raman na Kannan ataipa alama zote. Lakini aliye mfupi amekuwa mrefu! Kosa la "tall than" huonekana na kila mtu, wala halimdanganyi mtu. Hili halionekani, nalo laweza kugeuza bei ya mchele, umri wa shahidi au kipimo cha dawa. Katika jambo hili Mswahili ana bahati, kwa kuwa mpango wa lugha yake ni sawa na ule wa Kiingereza. Mtamil yafaa ajizoeze kujiuliza kwanza, "Ni nani aliyeshinda?" na kuanza sentensi yake na huyo.

Liko tena neno "miga." Maana yake ya kawaida ni "sana," lakini kwa kadiri ya maneno yanayolizunguka laweza kuonyesha kipeo. "Miga uyaramaana malai" yaweza kuwa mlima mrefu sana tu. Likitangulia neno "ulagin," yaani "wa ulimwengu," basi ni mlima unaopita yote. Kiingereza hutenga maana hizo mbili: "a very high mountain" ni mmoja miongoni mwa mingi, na "the highest mountain" ni mmoja peke yake.

Uchukuliwe mfano wa mwalimu mkuu anayemwandikia mwanafunzi wake cheti cha sifa, huku akilini mwake ana maneno "miga nalla maanavan." Akiandika "a very good pupil," amemweka kijana yule pamoja na wenziwe wengi. Akiandika "the best pupil," amemtoa miongoni mwa wote. Tena "a most careful pupil" ni mwanafunzi mwangalifu sana, lakini "the most careful pupil" ni yule awapitaye wenziwe wote kwa uangalifu. Tofauti yote imebebwa na "a" na "the," maneno ambayo Kitamil hakina yaliyo sawa nayo, wala Kiswahili hakina. Ndiyo sababu Watamil na Waswahili huyaacha njiani na kuandika "He is best pupil," na msomaji wa cheti hujiuliza kama aliyekiandika alijua asemalo. Mwenye kijana asiyejua Kiingereza hawezi kujua kwamba mwanawe amepunjwa.

Neno "miga" huzaa kosa jingine, nalo ni "very taller." Kiingereza hakikubali "very" mbele ya "taller", husemwa "much taller." Mswahili hulifikia kosa jirani kwa njia yake mwenyewe. Kwa kuwa husema, "Nairobi ni mji mkubwa sana kuliko Nakuru," huandika "very big than," badala ya "much bigger than." Hali kadhalika "mrefu kuliko wote," ambayo kwa Kitamil ni "ellaaraiyum vida," huwafanya wote wawili waandike "tall than all," na Mwingereza husema "the tallest of all."

Kuhusu umri, Mtamil huponzwa na utajiri wa lugha yake. Ndugu wa kiume aliye mkubwa ni "annan" na aliye mdogo ni "tambi", dada mkubwa ni "akkaa" na mdogo ni "tangai." Basi Mtamil akiliona neno "elder" hulipenda upesi, na huandika "He is elder than me." Neno hilo hukaa vema mbele ya jina, kama "my elder brother," lakini halifuatwi na "than." Yapasa kuandikwa "older than."

Yako pia maneno yaliyotoka katika Kilatini ambayo hukataa "than" kabisa, nayo ni "senior," "junior," "superior" na "inferior." Hayo hufuatwa na "to." Kitendo cha "prefer" nacho ni hivyo hivyo. Mtamil, ambaye "vida" yake hufaa kila mahali, huandika "I prefer tea than coffee," na sahihi ni "I prefer tea to coffee."

Kosa la mwisho ni la fikira zaidi ya lugha. Mtu akiandika "Chennai is larger than any city in Tamil Nadu," amesahau kwamba Chennai yenyewe imo Tamil Nadu, na mji hauwezi kujipita. Yafaa liongezwe neno "other": "any other city."

Sentensi zifuatazo zina makosa, na mwanafunzi azisahihishe katika daftari kabla ya kutazama majibu. Ya kwanza, "Anamudi is more higher than Doddabetta." Ya pili, "My brother is elder than me." Ya tatu, "Madurai is very smaller than Chennai." Ya nne, "She is best pupil in the class." Ya tano, "He is one of the tallest boy in the school."

Majibu: "Anamudi is higher than Doddabetta," na ndivyo ilivyo, kwa kuwa Anamudi ulioko Kerala una meta 2,695, na Doddabetta, ulio mrefu kupita yote katika Tamil Nadu, una meta 2,637. "My brother is older than me." "Madurai is much smaller than Chennai." "She is the best pupil in the class." "He is one of the tallest boys in the school," kwa kuwa mmoja hutolewa katika wengi, na hao wengi sharti waonekane katika neno lenyewe.