Mtoto Mwenye Usonji Anakataa Chakula? Anzia kwa Anachokikubali

Usonji ni hali ya ubongo kukua na kufanya kazi kwa namna tofauti. Hautokani na malezi. Kwa watoto wengi wenye hali hii, ulimi, pua na macho huhisi kupita kiasi. Mlenda unaovutika, harufu ya dagaa, au mchuzi uliogusa wali huweza kumtapisha mtoto. Kwa hiyo akikataa, si ukaidi. Usimlazimishe wala usimshindishe njaa.

Uanzie wapi? Kwa wiki moja andika kila anachokula: ni laini au kikavu, cha moto au baridi, rangi gani. Kisha badilisha jambo moja tu. Anayekula chipsi pekee, mkaangie viazi lishe, vile viazi vitamu vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A, uvikate vilevile. Akivizoea, jaribu vya kuchemsha. Kipya kiweke kidogo, kwenye kisahani cha pembeni. Akikitazama, akikishika au akikinusa, amepiga hatua. Huenda ukahitaji kukileta mara 10 hadi 15. Usikifiche ndani ya chakula anachokiamini. Akigundua, anaweza kukiacha na hicho.

Je, kuna vyakula maalumu vya kununua? Hapana. Mayai, maharage, dagaa, mchicha na mapapai ya sokoni yanatosha. Akipata choo kigumu, ongeza maji na matunda, na ugali wa dona badala ya sembe.

Uondoe maziwa na ngano? Utafiti haujathibitisha kwamba kufanya hivyo hupunguza dalili za usonji. Ukiyaondoa maziwa bila mbadala, mtoto anaweza kukosa madini ya kujenga mifupa. Ondoa tu iwapo daktari amethibitisha kuwa maziwa au ngano vinamdhuru.

Wahi kituo cha afya akipungua uzito, akipaliwa mara kwa mara, akila udongo au mkaa, au fizi zikitoka damu. Nchini Tanzania, kwa sera ya afya, watoto walio chini ya miaka 5 hutibiwa bure kwenye vituo vya umma. Nenda na kadi ya kliniki pamoja na ile orodha ya wiki. Uliza kama anahitaji kupimwa wingi wa damu, na uombe rufaa kwa ofisa lishe. Kama anatumia risperidone, dawa inayoweza kuongeza hamu ya kula, omba uzito wake ufuatiliwe.