Huduma, Hadimu na Kafala: Msamiati wa Mkataba kwa Mkenya Aendaye Ghuba Kutafuta Kazi

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mkaa bure si sawa na mtembea bure. Methali hii huwatia shime vijana wengi wa Kenya ambao, baada ya kukosa ajira nyumbani, hufunga safari kwenda Saudia, Qatar au Umoja wa Falme za Kiarabu. Manufaa ya safari hizo hayawezi kupuuzwa. Mwaka 2023 pekee, Wakenya walio katika nchi mbalimbali za nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4 za Marekani. Hata hivyo, wahenga hao hao walionya kwamba mtembezi hula miguu yake. Makala haya yanachunguza msamiati wa mkataba wa kazi ughaibuni, na yanashikilia kuwa kufanana kwa maneno ya Kiswahili na Kiarabu hakumkingi mfanyakazi iwapo hajafafanuliwa maana yake kabla ya kutia sahihi.

Asili ya Msamiati wa Ajira

Istilahi nyingi za ajira katika Kiswahili zina asili ya Kiarabu: ajira, wakala, dhamana, idhini na haki. Mkataba una mzizi mmoja na kitabu na katibu, yaani mzizi wa kuandika. Mshahara umetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mwezi, kwa hivyo ni malipo ya kila mwezi. Hata ughaibuni limejengwa juu ya ghaibu, yaani kisichoonekana au kilicho mbali na macho.

Maneno ya aina hii yaliingia pwani kwa biashara, dini na pia kwa watu waliokuja kutafuta riziki. Washihiri waliotoka Hadhramaut, wakisukumwa na ukame na umaskini wa kwao, walifika Mombasa na Unguja wakabeba mizigo, wakauza maji na kahawa. Wakati huo mtafuta kazi alikuwa mgeni kutoka Uarabuni, na ndiye aliyelazimika kujifunza lugha ya wenyeji. Leo anayevuka bahari kutafuta kazi ni Mkenya, na mzigo wa kuelewa lugha ya mwenyeji umemwangukia yeye.

Mzizi Mmoja, Maana Mbalimbali

Chukua mfano wa mzizi unaobeba dhana ya kutumikia. Kiswahili kimepata kwao maneno mawili yenye hadhi tofauti. Huduma ni neno la heshima. Nchini Kenya limepewa hata vituo vya serikali ambamo msafiri huchukuliwa alama za vidole ili apate cheti cha tabia njema. Hadimu, kinyume chake, ni mtumishi wa hali ya chini, na zamani neno hilo lilikaribiana na mtumwa. Katika nchi za Ghuba, mwanamke afanyaye kazi za nyumbani huitwa khadama, neno la mzizi huo huo. Msichana aliyeanza safari yake katika kituo cha Huduma huenda akadhani kuwa jina hilo jipya lina heshima ile ile. Masikio yake hayamdanganyi kuhusu sauti. Yanamdanganya kuhusu maana.

Kafala ni mfano mzito zaidi. Katika Kiarabu, neno hili lina maana ya udhamini na hata malezi ya yatima. Mswahili angelifasiri kwa dhamana, na dhamana humtuliza moyo. Lakini katika sheria za kazi za Ghuba, kafala ni mfumo uliofungamanisha ukaazi wa mgeni na mwajiri wake, hata kuhama kazi kukahitaji idhini ya mwajiri huyo. Qatar iliondoa sharti hilo mwaka 2020. Saudia ililegeza masharti yake Machi 2021, lakini marekebisho hayo hayakuwahusu wafanyakazi wa nyumbani. Basi aliyedhaminiwa huweza kuwa ndiye aliyefungwa.

Sheria na Suala la Kuelewa

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje uidhinishwe na afisa wa leba. Afisa huyo anapaswa kuridhika kwamba mfanyakazi amekubali bila hila wala shuruti, na kwamba ameyaelewa masharti. Swali la wanaisimu ni hili: ameyaelewa kwa lugha gani? Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Mkataba ulioandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza, ukasomwa harakaharaka siku ya safari, hauwezi kusemwa umeeleweka na mtu ambaye hufikiri kwa Kiswahili.

Hitimisho

Imebainika kuwa asili ya neno si dhamana ya maana yake. Inapendekezwa kwamba mikataba ya kazi za nje iwe na tafsiri ya Kiswahili, na kwamba istilahi kama kafala zifafanuliwe kwa sentensi nzima zinazosema nani anaruhusiwa kufanya nini, badala ya kutafutiwa kisawe kimoja. Kazi hii inawafaa wanafunzi wa tafsiri katika vyuo vikuu. Atakayesafiri na asafiri, kwani riziki haina mpaka. Lakini asitie sahihi yake katika jambo ambalo kwake bado ni ghaibu.