Somo la Msimu: Kupanga Uzito Ndani ya Boti ya Mashine



Msimu wa karafuu ukikaribia, kila mwenye shamba hushughulika na majamvi, magunia na ujira wa wachumaji. Wachache hukumbuka boti. Hali sisi tunaokaa kandokando ya hori za Pemba twaitegemea boti kuwaleta wachumaji asubuhi, na kuchukua magunia makavu mpaka pahala pa kuuzia. Tena mavuno makubwa, ambayo aghlabu huanza mwezi wa Julai, huangukia wakati wa kusi, na bahari nje ya hori haina masihara.

Kwa hivyo somo la safari hii si la mkarafuu. Twataka tuzungumze juu ya kuupanga uzito ndani ya boti ndogo.

Jambo lililotupata

Wawili katika sisi tuandikao tulikuwamo ndani ya boti iliyokuwa ikitoka katika hori moja ya magharibi kuelekea Wete. Tulikuwa watu watano na magunia manne. Maji yalikuwa yakipwa, na omo ya boti ilikwisha kaa juu ya tope. Tukafanya kama wafanyavyo wote: magunia tukayasukuma tezi, na sisi tukasogea huko huko, ili omo inyanyuke na boti ipate kuelea. Ikaelea. Tukawasha mashine tukaenda zetu, wala hapana aliyekumbuka kurudisha kitu mbele.

Njia nzima omo ilikuwa juu na nahodha haoni mbele yake. Tulipofika kwenye mlango wa hori aliona mtumbwi wa mvuvi karibu mno, akapunguza mashine ghafula. Boti ilisimama, lakini wimbi tulilokuwa tukiliburura nyuma halikusimama. Lilitufikia, likapanda juu ya ubao wa tezi, likamwagika ndani. Tulishukuru Mungu kwamba mahali pale maji yalikuwa ya kiunoni. Watu walisalimika, lakini magunia matatu yalirowa. Karafuu iliyokwisha kauka ikarowa maji ya chumvi haina daraja tena, na mwenye magunia yale alikuwa amekwisha zipangia fedha zake ada za watoto.

Boti haikuwa mbovu, wala mashine haikuwa na kosa. Na uzito wenyewe boti ile ingeuweza. Kosa letu lilikuwa mahali tulipouweka.

Mzega

Kila mmoja wetu amemwona mtu akichukua maji kwa mzega. Madebe mawili yakiwa sawa, bega hukaa katikati ya mti. Debe moja likiwa zito zaidi, mchukuzi husogeza bega upande wa lile zito, na mti hutulia. Hakuongeza maji wala hakuyapunguza. Amebadili umbali tu.

Boti nayo ni mti wa mzega, na bega lake ni maji yaliyo chini yake. Nguvu ya kila mzigo kuinamisha boti si uzito wake peke yake, bali ni uzito mara umbali wake kutoka katikati. Hapo ndipo penye faida yetu: mara nyingi hatuna haja ya kuongeza farumi, twahitaji kuhamisha tulichonacho.

Hesabu fupi

Tuchukue boti ya mita 5.5, na tupime kutoka katikati yake kwenda tezi:

Mashine ya kilo 40, iliyo umbali wa mita 2.7: 40 mara 2.7 ni 108.
Nahodha wa kilo 70, aliye umbali wa mita 2.2: 70 mara 2.2 ni 154.
Tangi la petroli la lita 25, ambalo likijaa huwa kama kilo 22, umbali wa mita 2.2: ni kama 48.

Jumla ni 310, na yote yavuta tezi kabla hajaingia abiria hata mmoja.

Sasa tulitoe tangi tuliweke mita 1 mbele ya katikati. Limesafiri mita 3.2, na 22 mara 3.2 ni kama 70. Tulinganishe na gunia la kilo 50 likiwekwa mita 1.5 mbele ya katikati: 50 mara 1.5 ni 75. Yaani kulihamisha tangi moja kumetupa karibu faida ile ile ya kupakia gunia zima mbele, na boti haikuongezwa hata ratili moja.

Tusifanye pupa, lakini, ya kutaka mbele na nyuma ziwe sawasawa kabisa katika hesabu. Tezi ya boti ya mashine ni pana kuliko omo, kwa hivyo maji huibeba zaidi. Hesabu hutuonyesha njia tu. Maji yenyewe ndiyo yatoayo hukumu.

Dalili za mpango mbaya

*Tezi nzito.* Omo hupanda juu na nahodha huchungulia pembeni. Boti huburura maji mengi, hula petroli nyingi na mwendo hauongezeki. Ubao wa tezi hukatwa chini kidogo ili mashine ikae, basi hapo ndipo mlango wa maji ulipo karibu.

*Omo nzito.* Hili nalo ni baya, na pengine ni baya zaidi. Omo huchimba maji, na boti hutaka kugeuka yenyewe. Wimbi likitoka nyuma, omo hunasa na tezi husukumwa kando, hata boti ikakaa ubavu kwa mawimbi. Rafadha nayo hukaribia uso wa maji, huvuta hewa, na mashine hulia bure.

*Upande mmoja.* Nahodha hukaa upande mmoja wa mashine. Tangi likiwa upande huo huo, na abiria mnene akiwa huko huko, boti hulala kabla haijatoka.

*Uzito wa juu.* Magunia yaliyopandishwa moja juu ya jingine, na watu waliosimama, huifanya boti iwe nyepesi kulala na nzito kuinuka.

*Maji ya ndani.* Ndoo tano za lita 20 ni kilo 100. Huo ni mzigo usiokaa pahala pamoja: boti ikilala kulia, hukimbilia kulia. Tukumbe maji kabla ya kupakia, na upo uwe karibu na mkono.

Namna ya kupakia

1. Mtu mmoja aamrishe. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Na kazi ya kupakia ndiyo mwanzo wa safari.

2. Magunia yakae chini kabisa, katikati, yakianzia hapo kuelekea mbele kidogo, nusu kulia na nusu kushoto. Yawekwe juu ya vibao yasiguse maji ya ndani, kisha yafungwe, kwa sababu gunia linaloteleza huharibu mpango wote mara moja.

3. Tangi lihamishwe mbele, upande ulio kinyume na nahodha, lifungwe imara. Liwe mbali na karafuu, maana karafuu hushika harufu. Mpira wa mafuta uwe wa kutosha, usipite chini ya gunia wala chini ya miguu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hukaa chini ndani ya boti. Basi asivute mtu sigara.

4. Watu wakae, wala wasisimame. Wazito wawe katikati. Mtu wa kilo 60 akisogea mita 1 ni 60 katika hesabu yetu, karibu sawa na kulihamisha lile tangi.

5. Nahodha akiwa peke yake, afunge mti mwepesi wa kurefushia mkono wa mashine ili akae mbele zaidi. Lakini kamba ya kuzimia mashine iwe imefungwa mwilini mwake.

6. Ikiwa boti imekaa juu ya tope, na mmelazimika kusogea tezi ili ielee, ikisha kuelea simameni hapo hapo penye maji matulivu. Rudisheni magunia na watu mahali pao, ndipo muwashe mashine. Hii ndiyo kanuni tuliyoinunua kwa magunia matatu.

Kujaribu

Chukueni fimbo. Boti ikiwa imepakiwa na imetulia, pimeni kutoka ukingo wake mpaka kwenye maji, kulia na kushoto. Vipimo viwe sawa. Pimeni na tezi pia, penye ubao wa mashine, mjue mmebakiwa na nafasi gani. Kisha nendeni polepole, na muongeze mwendo taratibu. Omo inyanyuke kidogo tu, na nahodha aone mbele akiwa ameketi. Ikiwa bado yapanda mno, ongezeni mbele kwanza. Baada ya hapo ndipo mguse pini ya mashine, mkaisogeza tundu moja ili mguu wa mashine ukaribie ubao wa tezi. Jambo hilo huteremsha omo. Wakati wa kurudi pimeni tena, kwani magunia yameshuka na petroli imepungua.

Mpango hauongezi nafasi

Neno la mwisho, nalo ndilo kubwa. Kupanga vizuri hakuifanyi boti ndogo kuwa kubwa. Uzito uliozidi, mkiuweka mbele umezidi, mkiuweka nyuma umezidi. Kila mmoja wetu anaukumbuka usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander I, iliyokuwa ikija Pemba na watu wengi kupita kiasi chake, ilipozama karibu na Nungwi. Basi tusome kibao cha mtengenezaji, au tumuulize fundi aliyeiunda boti, kisha tushike kiasi hicho. Yakizidi magunia, tufanye safari mbili. Na kila mtu awe na jaketi la kujiokolea mwilini, si chini ya magunia.

Maswali ya kujipima

1. Tangi la kilo 22 limehamishwa mita 2 kwenda mbele. Limeleta faida gani katika hesabu ya mzega?
2. Kwa nini kupunguza mashine ghafula ni hatari zaidi tezi inapokuwa nzito?
3. Boti yako wewe: unapoifunga jioni bila mzigo, je, imekaa sawa? Nenda kaitazame leo, kabla karafuu hazijaanza kushuka.