Nyumba Mpya: Kazi za Ndani Zifuatane

Mkulima, ukisha kusimamisha kuta na kupiga mabati, usidhani nyumba imekwisha. Fedha nyingi hupotea ndani, na mara nyingi si kwa sababu ya bei ya simiti, bali kwa sababu kazi ya tatu imefanywa kabla ya kazi ya kwanza.

Tazama jambo lililofanyika Dandora, katika mitaa ya Eastlands, Nairobi. Mwaka 1975 Serikali ya Kenya na Benki ya Dunia zilipatana juu ya mpango wa viwanja 6,000 hivi kwa watu wa mapato madogo. Mtu hakupewa nyumba nzima. Katika viwanja vingi alikuta choo na bafu vimekwisha jengwa na maji yamefika. Vyumba alijenga mwenyewe, kidogo kidogo, kwa kadiri ya uwezo wake. Wengi walikaa katika chumba kimoja na kupangisha vingine, ili kodi iwasaidie kulipa mkopo. Angalia walipoanzia: sehemu ya maji, ambayo sisi wa shambani huifikiria mwisho.

Basi na wewe anza hapo. Kama unatumaini kuvuta maji au stima siku moja, hata kama hujui ni mwaka gani, weka paipu zake sasa, kabla ya plasta. Paipu tupu ni gharama ndogo. Kuchimba ukuta uliokwisha pigwa plasta ni kumlipa fundi mara mbili, na kiraka huonekana daima. Fremu za milango na madirisha nazo zikazwe kwanza, zikiwa zimepimwa kwa timazi.

Plasta yenyewe ni karai moja la simiti kwa manne ya mchanga safi. Lowesha ukuta kwanza. Unene wa nusu inchi watosha. Changanya kiasi kinachoweza kutumika kwa muda wa saa moja tu. Fundi akiongeza maji katika mchanganyiko ulioanza kukaza, mkataze, hata akikuambia ameifanya kazi hii miaka 20. Kisha nyunyizia ukuta maji asubuhi na jioni kwa siku 7. Watu wengi huchoka siku ya tatu, halafu hulaumu simiti nyufa zinapotokea.

Sakafu ya juu hufuata plasta, kwa maana matone ya plasta huiharibu. Lakini habari ya sakafu huanza chini zaidi. Sehemu kubwa ya Eastlands ina udongo mweusi, jamaa ya ule wa Mwea: huvimba ukinywa maji na hupasuka wakati wa kiangazi. Ukijenga juu yake, sakafu itapasuka pamoja nao. Yakupasa kuuchimba na kuuondoa mpaka ufikie ardhi ngumu, kisha ujaze mawe na murram, ushindilie vizuri. Hiyo ni kazi ya kabla ya kuta. Asiyeifanya hatasaidiwa na simiti ya juu. Bafuni, sakafu iinamie tundu la maji machafu.

Milango itiwe baada ya sakafu, ndipo utajua urefu wake. Rangi ni ya mwisho kabisa. Mtu hupenda kuiharakisha kwa kuwa ndiyo wageni huiona, lakini ukuta usiposubiri majuma manne hivi ukauke, rangi itabambuka.

Fedha zikipungua katikati, usipige plasta nusu nusu katika vyumba vyote vinne. Maliza kimoja, kiwe na sakafu, mlango na dirisha, uhamie. Vile vingine vitahifadhi majembe na magunia mpaka mavuno yajayo. Simiti iliyobaki iweke juu ya mbao, mbali na ukuta, kwani ikinyonya unyevu hugeuka jiwe ndani ya mfuko.