Kuburuta Jina Bila Kulipoteza

Ramadhani iliyopita niliitengenezea jumuiya yetu ukurasa wa kugawa zakatul-fitr: familia kushoto, wagawaji kulia, unaburuta jina na kuliachia kwa mgawaji. Familia moja ikapotea. Tukaigundua usiku wa kuamkia Idi. Jina liliachiwa katikati ya visanduku viwili, na programu yangu ilifuta kila jina lililoachiwa, popote lilipoangukia.

Ndugu zangu, kwenye JavaScript fanyeni hivi. Katika dragstart, weka namba ya familia kwa setData. Katika dragover, ita preventDefault, kwani kivinjari kwa kawaida hukataa kupokea (hapa nilikwama siku mbili!). Katika drop, isome kwa getData. Kufuta kungoje dragend: dropEffect ikiwa "none", jina halijapokewa, libaki kwenye orodha.